Beba kipandikizi, acha udongo: maua ya baridi nayo ni biashara ya mpakani

Mwezi Juni mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi wa mizigo katika mpaka mmoja kati ya nchi zetu. Mbele yangu alisimama mama wa makamo aliyebeba vitenge na sufuria. Afisa alipofika chini kabisa ya mfuko wake akakuta mafurushi mawili. La kwanza lilikuwa la magazeti yaliyoloweshwa maji, na ndani yake vijiti kama arobaini vya kijani, vimekatwa kwa urefu mmoja na kufungwa kwa kamba ya mgomba. La pili lilikuwa na miche sita, kila mmoja na donge la udongo mweusi kwenye mizizi.

"Nini hiki, mama?"

"Ni maua tu, mwanangu. Ya kupanda nyumbani, kule kwetu kwenye baridi."

Afisa akauliza kibali. Mama hakuwa nacho. Mafurushi yote mawili yakaingia kwenye pipa la taka, naye akafunga mfuko wake na kuendelea na safari bila neno.

Nimeifikiria sana ile kauli ya "maua tu". Kwa mtazamo wangu, pande zote mbili zilikosea siku ile. Mama alikosea kudhani kwamba ua si kitu cha kukaguliwa. Afisa naye, ingawa sheria ilikuwa upande wake, hakuwa na namna ya kutofautisha furushi la vijiti na furushi la udongo, wakati hatari yake si ya kiwango kimoja. Na sisi wengine tunakosea tunapodhani kwamba biashara ndogo ya mpakani ni mahindi, mtumba, vitunguu na mayai peke yake.

Hoja yangu leo ni fupi. Vichaka vya maua vinavyostahimili baridi ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Viruhusiwe kuvuka mpaka kwa kiasi kidogo, kwa gharama ndogo na kwa ukaguzi wa papo hapo, ilimradi vinavuka bila udongo. Serikali zifungue njia hiyo, na wafanyabiashara wauache udongo ulikotoka.

Mwinuko haujui mpaka

Mimi ni mzaliwa wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Baba yetu alipofariki, ndugu zangu walioko Dar es Salaam walileta bogainvilia nzuri sana za kupanda kwenye kaburi. Tulizipanda mwezi wa tatu. Zilichanua kidogo, watu wakazisifu. Ulipofika mwezi wa saba zilikuwa zimegeuka nyeusi kama zilizomwagiwa maji ya moto. Mwaka uliofuata tukarudia, zikafa tena. Mama akasema, "Hawa ni wageni wa pwani, huku hawawezi." Mwaka wa tatu jirani alitupatia vijiti vya haidrenjia na waridi la zamani. Hadi leo vipo, na kila nikienda nyumbani nakuta vimechanua.

Somo lake ni dogo, lakini ndilo linaloibeba biashara hii. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo mche unaotoka Dar es Salaam kwenda Njombe umebaki Tanzania, lakini umehama nchi ya hali ya hewa. Ukitazama ramani ya kisiasa, Njombe ni Tanzania, Limuru ni Kenya, Kabale ni Uganda na Kinigi ni Rwanda. Ukitazama ramani ya miinuko, sehemu hizi zote ziko karibu na mita 2,000 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Mche uliozoea Limuru unaielewa Njombe kuliko mche uliolelewa Kariakoo.

Wafanyabiashara wa Kisoro na Musanze wanaovuka Cyanika wanalijua hili bila kusomeshwa. Vivyo hivyo wa Kabale wanaovuka Gatuna, na wa Loitokitok na Tarakea walioizunguka Kilimanjaro. Baridi ya upande huu ndiyo baridi ya upande ule. Anayejenga nyumba, anayefungua nyumba ya wageni, kanisa linalotaka uzio wa maua, familia inayotaka kupamba kaburi, wote wanatafuta kitu kimoja: ua lisilokufa mwezi wa baridi.

Na adui mkubwa wa maua haya ni umande unaoganda usiku, ule ambao vitabu vinauita sakitu. Makete na Njombe huuona hasa kati ya Juni na Agosti. Kwenye nyanda za juu za Kenya huweza pia kuja katika miezi ya ukame, usiku wa anga safi usio na upepo. Januari 2012 uliunguza chai katika maeneo ya Kericho na Nandi. Ndiyo maana muuzaji anayesema tu "hili ni ua la baridi" hajasema kitu. Baridi ipi, ya mwezi gani, ya mwinuko upi?

Mzigo wenyewe ni upi?

Haidrenjia ndiyo mfalme wa biashara hii. Asili yake ni Japani, ina majani mapana na vichwa vikubwa vya maua. Huvumilia baridi lakini haivumilii kiu, na jua kali la mchana huichosha. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa muuzaji na mteja unapoanzia. Mteja amenunua haidrenjia ya bluu, kaipanda kwake, imetoa maua ya pinki. Anarudi sokoni na kusema ametapeliwa. Hajatapeliwa. Rangi ya haidrenjia hutegemea udongo. Kwenye udongo wenye tindikali mmea hupata madini ya alumini, na ua huwa bluu. Kwenye udongo usio na tindikali ua huwa pinki. Chai nayo hupenda udongo wa tindikali, kwa hiyo ukipanda haidrenjia ya rangi karibu na mashamba ya chai, tarajia bluu. Ile nyeupe haibadiliki hivyo. Mwambie mteja haya kabla hajalipa, atakuheshimu.

Jambo la pili la kumwambia ni kwamba haidrenjia nyingi za kawaida hutoa maua kwenye matawi ya msimu uliopita. Mtu akiifyeka yote kwa kupenda usafi wa bustani, amekata na maua ya mwaka unaokuja. Akate vichwa vilivyonyauka tu, na matawi yaliyokufa.

Waridi linafuata. Mawaridi mengi ya bustani hustahimili baridi kuliko wengi wanavyofikiri, maana hukua hata katika nchi za Ulaya zenye theluji. Kinachoyaumiza kwenye milima yetu ni ukungu na unyevu, vinavyoleta madoa meusi na ubwiri unga kwenye majani. Dawa ya kwanza haiuzwi dukani: panda kwa nafasi, mwagilia udongo badala ya majani, na okota majani yaliyoanguka.

Fyusha, yenye maua yanayoning'inia kama kengele, hupenda ubaridi na kivuli. Zile zenye asili ya kusini mwa Chile na Argentina zikiunguzwa na sakitu juu, mara nyingi huchipua tena kutoka chini. Rozimeri hutoa maua madogo ya bluu, huingia jikoni, hutengeneza uzio na huvumilia baridi ya kiasi. Haitaki tu kusimama kwenye maji. Kamelia ni binamu wa chai, kwa hiyo hufaa penye udongo wa chai. Hukua polepole, na ndiyo maana mche wake uliokomaa una bei.

Tusisahau vya kwetu. Kuna kichaka cha maua ya njano ambacho wataalamu hukiita Hypericum revolutum. Kinaota chenyewe kwenye Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori. Kuna protea ya Kilimanjaro. Hivi vimeishi na sakitu kabla ya mipaka kuchorwa. Vitafutwe kwenye vitalu vinavyovizalisha kwa mbegu, visichimbwe hifadhini. Tunao mfano mchungu wa Kitulo, ile nyanda ya juu inayoitwa Bustani ya Mungu. Viazi vya okidi za mwituni vilichimbwa nyanda hizo na kupelekwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, hadi ikawa sababu mojawapo ya watu kupigia debe ulinzi wa eneo hilo. Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ile nayo ilikuwa biashara ya mpakani. Ilichukua bila kupanda, na biashara ya namna hiyo hujimaliza.

Udongo ndio mgeni hatari

Sasa turudi kwenye lile furushi la pili, la miche sita yenye udongo.

Karibu kila penye baridi inayofaa maua haya, ndipo penye viazi mviringo. Njombe, Mbeya, Nyandarua, Kabale, Kisoro, Musanze: hizi ni sehemu ambazo ada ya shule hutoka kwenye gunia la viazi. Na viazi vina maadui wawili wanaosafiri ndani ya udongo.

Wa kwanza ni mnyauko bakteria. Mkulima anaujua: mmea unanyauka ghafla ukiwa bado kijani, na kiazi kikikatwa hutoa ute. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na maji. Wa pili ni minyoo midogo ya mizizi ya viazi, ambayo Kenya ilitangaza kuwa nayo mwaka 2015. Jike la mnyoo huyo hufa na mwili wake kugeuka kifuko kidogo kuliko kichwa cha pini, chenye mayai mengi ndani yake. Kifuko hicho huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi kikisubiri kiazi kipandwe. Hubebwa na udongo ulioganda kwenye mbegu, jembe, buti, na ndiyo, kwenye donge la mche wa maua.

Fikiria mche mmoja wa waridi uliooteshwa kwenye udongo wa shamba la viazi la zamani, ukabebwa kilomita 1,000 na kupandwa mbele ya nyumba iliyopakana na shamba la viazi. Aliyeuza amepata pesa ya soda. Jirani wa mteja anaweza kupoteza shamba kwa miaka. Hapo hatuzungumzii tena "maua tu".

Wala usidhani kipandikizi kisicho na udongo hakina hatari hata kidogo. Mwaka 2003 vipandikizi vya jeraniamu kutoka Kenya vilifika Marekani vikiwa na bakteria wa mnyauko, bila dalili za kuonekana kwa macho. Mimea mingi ikateketezwa kwenye vitalu vya huko. Ikiwa nchi yenye biashara ya maua yenye wataalamu na maabara ilipatwa na hilo, basi furushi la magazeti mabichi nalo linahitaji jicho la mtaalamu. Tofauti ni kwamba kipandikizi safi kutoka kwenye mmea mama uliokaguliwa kinaweza kuaminiwa, lakini hakuna afisa anayeweza kuyaona mayai ya minyoo kwenye donge la udongo akiwa kwenye foleni ya saa nane mchana.

Kuna pia maua yasiyostahili kuvuka kabisa. Lantana ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kama pambo la bustani. Leo imevamia malisho katika nchi zetu, huwadhuru ng'ombe wakiila, na vichaka vyake ni maficho ya mbung'o. Aliyeileta naye hakudhamiria mabaya. Yale maua ya tarumbeta yanayoning'inia kwenye nyua nyingi za milimani yana sumu katika kila sehemu yake. Ukiyauza kwenye nyumba yenye watoto bila kusema neno, biashara yako si safi.

Njia iliyopo haimfikii mama wa mafurushi

Serikali zetu hazijakaa kimya. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005 na Soko la Pamoja Julai 2010. Upo utaratibu rahisi wa biashara unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kwa cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa mpakani, kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wengi wenu mnaosoma safu hii mmekishika cheti hicho mkononi.

Tatizo ni kwamba cheti cha uasili kinasema mzigo umetoka wapi, hakisemi mzigo una afya. Mmea hai unahitaji karatasi zake: kibali cha kuingiza kutoka nchi unakokwenda, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Kenya kazi hiyo hufanywa na KEPHIS. Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha. Uganda ni wizara inayohusika na kilimo, na Rwanda ni RICA. Ni taasisi zenye kazi kubwa na ya lazima. Lakini utaratibu huo ulitungwa kumfaa mwenye kontena. Mwenye vipandikizi arobaini vyenye thamani ya nauli ya basi hawezi kuomba kibali nchi moja, akatafute mkaguzi nchi nyingine, kisha arudi kupanga safari. Hesabu haimlipi. Matokeo yake tunayajua: anaficha chini ya vitenge.

Na hapo ndipo sheria inaposhindwa kufanya kile ilichotungiwa. Mzigo uliofichwa haukaguliwi. Kati ya furushi moja linalokamatwa na yale yanayopita, wala usiniulize idadi, maana anayeficha hahesabiwi. Ninachojua ni kwamba kwenye bustani za nyanda zetu za juu kuna maua ya nchi zote jirani, na mengi hayakuja na cheti.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo matatu, na la tatu ni letu wenyewe.

Kwanza, wataalamu wa afya ya mimea wa nchi wanachama wakae pamoja waandae orodha fupi ya vichaka vya maua vya bustani vinavyoweza kuvuka kwa idadi ndogo kama vipandikizi visivyo na udongo. Orodha iseme pia visivyoruhusiwa, kwa mfano jeraniamu na lantana, na sababu zake. Hili si jambo geni. Ibara ya 108 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama kuoanisha sera na sheria za kudhibiti magonjwa na wadudu wa mimea na mifugo. Orodha hiyo iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe ukutani mpakani, penye kimo cha macho ya msafiri.

Pili, ukaguzi umfuate mfanyabiashara. Vituo vya huduma kwa pamoja kama Namanga na Busia vilijengwa ili maafisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja. Mkaguzi wa mimea awe na siku zake mbili kwa wiki zinazojulikana, na ada ndogo inayolingana na mzigo mdogo, yenye risiti. Kipandikizi kilichofungwa vizuri kwenye unyevu na kivuli si nyanya, kinaweza kusubiri siku moja au mbili. Vikundi vya kina mama vyenye vitalu visajiliwe, mimea mama ikaguliwe kwa msimu, na kila furushi libebe lebo ya kitalu. Mpakani afisa aangalie lebo na hali ya mzigo, amalize kwa dakika chache.

Najua watakaosema hivyo ni kuwaongezea watu urasimu. Wapo pia wafanyabiashara walioniambia kwamba mkaguzi akiongezwa, ni mkono mmoja zaidi wa kupewa kitu kidogo. Sipuuzi hofu hiyo. Lakini rushwa hustawi pale mtu anapokuwa na kosa la kuficha. Mwenye risiti na lebo ana jambo la kuonyesha, na ana haki ya kuuliza kwa nini amesimamishwa.

Wengine watasema maua hayaliwi, serikali zina mambo mazito zaidi. Nami nawajibu kwamba ninachozungumzia ni viazi kama vile ninavyozungumzia maua. Tukiendelea kujifanya biashara hii haipo, gharama italipwa na mkulima ambaye hajawahi kununua hata waridi moja.

Tatu, sisi wafanyabiashara tujiwekee miiko yetu bila kusubiri gazeti la serikali.

Usibebe udongo. Kata kijiti chenye macho matatu au manne, cha urefu wa sentimita 15 hivi, kwenye tawi lililokomaa lakini halijazeeka. Toa majani ya chini, funga kwenye gazeti bichi au ganda la mgomba, kisha uweke kivulini. Hili litakuepusha pia na maswali ya mifuko, maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019. Ukifika, otesha kwenye mchanga uliooshwa na mboji iliyoiva, kwenye kitalu kisichopakana na viazi. Uza mche ulioota kwenye udongo wa hapo hapo. Mteja atakulipa vizuri zaidi kwa mche wenye mizizi kuliko kwa kijiti.

Usikate usichoruhusiwa kukata. Aina mpya za waridi zinazokuzwa kwenye mashamba makubwa ya maua zinaweza kuwa na haki za mgunduzi wake, na nchi kama Kenya na Tanzania zimejiunga na umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo. Kijiti kilichotoka kwa mlango wa nyuma wa shamba la maua si mtaji, ni kesi. Maua ya zamani ya bustani yanatosha kuanzia.

Sema ukweli kuhusu mwinuko na majira. Kwenye kila furushi andika umekata wapi, lini, na ua lilikuwa rangi gani. Mpelekee mteja wa Njombe miche mwanzoni mwa mvua, Novemba au Desemba, ipate miezi kadhaa ya kushika mizizi kabla ya baridi ya Juni. Mteja wa Limuru mpelekee Machi au Aprili. Mfundishe asipande bondeni, kwa sababu hewa baridi huteremka kama maji na kutuama chini. Mtelemko au kando ya ukuta ni salama zaidi. Jioni ya anga safi afunike mche mchanga kwa gunia au nyasi na kufunua asubuhi. Asipogoe karibu na majira ya sakitu, maana chipukizi laini ndilo la kwanza kuungua.

Utaniuliza: nikimfundisha yote hayo, si atakata vijiti mwenyewe na kumgawia jirani bure? Ndiyo, atafanya hivyo. Maua ndivyo yalivyoenea duniani. Lakini jirani huyo ndiye atakayekuja kwako kutafuta rangi ambayo mwenzake hana. Anayeuza mche uliokufa humpata mteja mara moja. Anayeuza mche uliopona hutajwa jina lake kijiji kizima.

Juni ile mpakani, nilimkuta yule mama kwenye kituo cha basi upande wa pili. Nilimuuliza kama atabeba tena. Alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, ningejua karatasi yenyewe inapatikana wapi, ningeilipia. Mimi sikupenda kuficha." Nikamuuliza ile miche sita yenye udongo aliichimba wapi. Akanijibu bila wasiwasi wowote: pembeni ya shamba la viazi la dada yake, ambalo mwaka ule lilikuwa limenyauka lote.

Hakujua. Na hakuna aliyemwambia, si mimi mwandishi, si afisa aliyetupa mzigo wake. Bango moja la Kiswahili ukutani lingetosha kumwambia abebe lile furushi la kwanza na kuliacha la pili. Hilo ndilo ninaloliomba kwa waheshimiwa wanaokutana Arusha kwa niaba yetu. Na kwako unayefunga mzigo leo usiku, ombi langu ni dogo zaidi: kung'uta udongo wote kabla hujafunga, na kesho ukifika mpakani anza kwa kumtafuta mkaguzi wa mimea.